Tundu la Nusura

Waswahili husema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huu ulipata makao kwa miezi kadhaa katika nyumba moja ya ghorofa iliyoko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mnamo mwaka 2006, pale lilipoingia jikoni karo jipya la chuma cheupe kisichoshika kutu. Karo hilo lilitoka Dubai, ambako mwana wa nyumba hiyo alikuwa akifanya kazi, na lilisafiri kwa meli hadi bandari ya Kilindini pamoja na mapazia, mablanketi na vyombo vya udongo. Lilifuatana na sanduku dogo la pili, na sanduku hilo ndilo lililozua maneno. Ndani yake mlijaa vifaa vya ziada ambavyo hapana mtu katika nyumba ile aliyeweza kuvitaja kwa majina, seuze kueleza kazi zake.

Bi Mkubwa, mama wa nyumba, alilizunguka karo lile mara mbili, akalipapasa kwa kiganja, kisha akamuuliza mkaza mwana wake swali moja tu.

"Mwanangu, hili karo lapendeza. Lakini, laleta maji?"

Mkaza mwana aliinamisha uso asijibu. Alijua kuwa swali lile lilikuwa na jingine nyuma yake. Kulitoa sanduku bandarini kuligharimu ushuru. Hamali walilipwa, na fundi alikuwa hajaja bado. Wakati huo huo, binti mkubwa wa nyumba, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa ameletewa barua ya pili kutoka shuleni kukumbushwa salio la malipo ya muhula. Lugha yenyewe ilikuwa kana kwamba inawacheka. Karo ya shule na karo la jikoni ni maneno yanayotamkwa sawasawa, yakitenganishwa na upatanisho wa kisarufi peke yake. Na katika nyumba ile, karo moja lilikuwa limefika likiwa limelipiwa kila kitu, ilhali karo nyingine ilikuwa bado inadaiwa.

Ili swali la Bi Mkubwa lieleweke, sharti msomaji akumbuke hali ya maji katika kisiwa hiki. Mombasa imezungukwa na maji pande zote, lakini haina mto wake. Maji ya mfereji yanayofika kisiwani hutoka mbali. Kuna yale ya chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, ambayo huletwa na bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa katika miaka ya 1950. Kuna ya chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na ya visima vya Tiwi upande wa kusini. Chanzo hata kimoja hakimo kisiwani. Mji umekua, watu wameongezeka, na maji yamekuwa ya mgawo. Mfereji ukikauka, vijana wa mikokoteni hupita vichochoroni wakiuza maji kwa mitungi ya lita 20, nao wenye visima vya zamani, ambavyo vingi vina maji ya chumvi, hurejea kwenye kamba na ndoo. Shida hii si ya jana. Ndani ya Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, mgeni huoneshwa hadi leo kisima na birika la kukingia maji ya mvua. Hata mwenye mizinga hakuweza kukaa Mombasa bila ya kuwaza maji atayatoa wapi.

Bi Mkubwa alikuwa amelelewa katika elimu hiyo. Karo lake la zamani lilikuwa la saruji, la chini kabisa, lenye kingo fupi na tundu moja la kutolea maji machafu. Yeye alikaa juu ya kigoda, akaosha vyombo kwa kumbi la nazi na jivu, na maji aliyoyatumia aliyapima kwa kata. Usiku alikuwa na ada moja. Kabla ya kulala aliufungua mfereji mkavu na kuweka sufuria tupu chini yake. Maji yakija saa nane au saa tisa za usiku, tone la kwanza lingelia juu ya bati, naye angeamka na kujaza kila chombo kilichokuwa na tumbo. Sufuria ile ilikuwa saa yake ya kuamshia.

Alasiri moja, kabla ya kuja fundi, mkaza mwana alitandika mkeka na kuvipanga vifaa vya sanduku dogo mmoja mmoja. Binti alishika kijitabu kilichokuja navyo na kuanza kusoma. Kijitabu kilitaja jina la kila kifaa kwa Kiingereza na kuonesha kwa picha mahali pa kukitia, lakini hakikusema hata mara moja kifaa hicho kilikuwa kimetungwa kumwondolea nani tabu gani. Ndipo Bi Mkubwa alipoketi akaanza kuvibatiza mwenyewe.

Cha kwanza kilikuwa kama sinia refu la chuma lenye matundu, lenye masikio mawili ya kuegemea kingo za karo. "Hili ni kung'uto," alisema bila ya kusita. Siku iyo hiyo likapewa kazi. Mchele ulioshwa ndani yake, na maji yaliyodondoka yakakingwa kwa beseni na kupelekwa roshanini kwenye vyungu vya mrehani na asumini. Cha pili kilikuwa fito nyembamba za chuma zilizounganishwa kwa mpira, zikikunjika kama mkeka. Mkaza mwana alidhani ni za kuwekea sufuria ya moto. Binti alidhani ni pambo. Bi Mkubwa alizitandaza juu ya mdomo wa karo, akapanga vikombe vitatu, akatazama maji yakidondoka. "Kichanja," akasema. "Mama yangu alikuwa nacho cha miti, uani." Cha tatu kilikuwa kizibo chenye kikombe cha matundu ndani yake, kinachoweza kuzuia maji yote au kuyaacha yapite na kubakisha takataka. Hicho alikiita chujio, na baada ya wiki moja kilikuwa kimekwisha kukamata machicha ya nazi, magamba ya samaki na chembe za wali ambazo zamani zilikuwa zikiziba bomba na kumleta fundi kila baada ya miezi michache.

Ni jambo la kuzingatiwa na wapenzi wa Kiswahili kwamba vifaa hivi vitatu, vilivyoonekana vya ajabu sandukuni, vilikoma kuwa vya ajabu mara tu vilipopata majina, na majina hayo hayakubuniwa. Yalikuwepo. Kung'uto, kichanja na chujio ni mali ya zamani ya jiko la Mswahili. Kilichobadilika ni chuma badala ya ukindu na miti. Tabu zilizozaa vifaa hivi zilikuwa zinajulikana Kibokoni kabla ya kiwanda kilichovitengeneza kujengwa.

Viwili vilivyofuata havikupata bahati hiyo. Kimoja kilikuwa chupa yenye pampu, ya kufichwa chini ya karo na kuchomoza kidole chake juu ili kutoa sabuni ya maji. Nyumba ile ilitumia sabuni ya kipande, ambayo huonekana inapokwisha na haihitaji kunyonywa. Cha pili kilikuwa mfereji wenye shingo ndefu, ambao kichwa chake huvutwa na kutoka na mpira wake, ukanyunyiza maji kama mvua. Huu ulikuwa fahari ya mkaza mwana. Fundi alipoufunga na kuujaribu, maji ya pipa la darini, lililokuwa mikono michache tu juu ya jiko, yalitoka kwa kusitasita kama mtu asiyetaka kusema kweli. Mfereji ule ulitungwa kwa mji ambao maji husukumwa kwa nguvu usiku na mchana. Ulipofika mahali ambapo maji hushuka kwa uzito wake peke yake, haukuwa na la kufanya. Ukafunguliwa, ukarudishwa sandukuni, na mfereji wa shaba wa zamani ukarejea mahali pake. Bi Mkubwa hakucheka. Alisema tu, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Fundi naye alikuwa na la kufundisha. Chini ya karo alifunga bomba lililopinda, likashuka, likapanda, kisha likaingia ukutani. Binti aliuliza kwa nini bomba lisinyooke ili maji yapite upesi. Fundi akaeleza kuwa katika pindo lile hubakia maji kidogo wakati wote, na maji hayo ndiyo mlango. Huzuia uvundo na mende wa bomba la majitaka wasipande jikoni. Fikra hiyo ni ya zamani. Alexander Cumming, fundi saa wa London, alipata hataza ya choo chenye bomba la namna hiyo mwaka 1775. Hata hivyo, mlango wa maji nao wataka maji. Karo lisipotumiwa kwa muda mrefu, maji ya pindoni hukauka na uvundo hupata njia. Tangu siku hiyo, hata katika wiki za ukame mkubwa wa mfereji, Bi Mkubwa alimimina kikombe kimoja cha maji ya chumvi ndani ya tundu la karo kila jioni. Kifaa kile alikielewa, akakiheshimu, na akakilisha.

Ugomvi ulikuja kwa kitu kidogo kuliko vyote. Katika ukuta wa karo, karibu na ukingo wa juu, palikuwa na tundu la upana wa shilingi, lililofunikwa kwa kifuniko chenye mianya. Nyuma yake palitakiwa kufungwa mpira wa kuungana na bomba la kutolea maji, chini ya kizibo. Kijitabu kilionesha picha yake, basi.

"Karo latobolewa ubavuni!" Bi Mkubwa alistaajabu. "Chombo cha kushika maji, watu wa akili wakitobolea nini?"

Hoja yake ilikuwa na mashiko. Karo lile, likizibwa chini, lingeweza kuwa akiba ya lita 30 au zaidi. Kila kidole cha kimo kilichopotea kilikuwa kata kadhaa za maji. Alimwagiza fundi alizibe tundu kwa gundi. Fundi, ambaye mpira ule ulimpa tabu kuunga, alikuwa tayari kabisa. Hapo ndipo mkaza mwana, aliyekuwa amenyamaza tangu siku ya swali la kwanza, aliposema.

"Mama, naomba unisamehe. Kila kitu tumekitoa. Hili liache lilivyo kwenye picha."

Hakuwa na hoja nyingine. Hakujua tundu ni la nini. Alichokuwa akikitetea ni zawadi ya mumewe, ambayo ilikuwa imepunguzwa kipande kwa kipande mbele ya macho yake. Bi Mkubwa alimtazama kwa muda, akageukia fundi, akamwambia aunge mpira. Kwa siku kadhaa baada ya hapo wawili hao walizungumza kwa adabu iliyozidi kiasi, adabu ambayo wakaao nyumba moja huijua kuwa ni namna ya kununiana.

Wageni wengi waliowahi kuona mabirika ya maji katika nyumba kongwe za Lamu wamesimama mbele ya fumbo linalofanana na hilo. Chini kabisa ya birika la chooni, mafundi wa zamani walipachika bakuli la kaure kutoka Uchina. Mtu asiyejua atasema ni ufahari usio maana, kwani nani apambaye mahali pasipoonekana? Lakini ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na birika lilipopungua au kusafishwa, bakuli lilibakisha maji ya kuwahifadhi samaki. Kaure ilikuwa pambo, na ilikuwa kinga dhidi ya mbu. Mwenye kulicheka bakuli hana kosa la macho. Kosa lake ni kulicheka jibu kabla ya kulisikia swali.

Swali la tundu lilikuja usiku wa harusi. Watu wote wa nyumba walikuwa wamekesha Kuze kwa shughuli ya jamaa, na waliporejea, saa sita ilikuwa imepita. Mfereji ulikuwa umekauka kwa siku sita. Bi Mkubwa, kwa mazoea, aliufungua. Na kwa kuwa karo jipya lilikuwa pana na safi, hakuweka sufuria. Alitia kizibo tu, akijua kuwa chuma kitalia kama bati. Kisha akaenda kulala, na uchovu wa harusi ukamlaza asisikie kitu.

Maji yalikuja usiku huo. Saa ngapi, hapana ajuaye. Adhana ya alfajiri ilipomwamsha, alisikia mlio usiokuwa wa matone, bali wa maji yanayomeza maji. Alikumbuka mfereji, na moyo ukampasuka. Jiko lile lilikuwa ghorofa ya pili. Chini yake kilikuwa chumba cha binti, na dari ya chumba hicho ilikuwa ya boriti za mikoko zilizobeba mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya mafundi ambao wajukuu wao ndio wazee wa leo. Dari ya namna hiyo hustahimili miaka mingi ya jua, lakini maji yakikaa juu yake, chokaa hulainika na boriti huoza. Na zege la maji likianguka usiku, halichagui kitanda. Kando ya kitanda yalikuwa madaftari yote ya kidato cha tatu.

Alipanda ngazi bila ya viatu. Sakafu ya jiko ilikuwa kavu.

Karo lilikuwa limejaa hadi chini kidogo ya ukingo, na hapo maji yalikuwa yamesimama. Mfereji ulikuwa ungali unatiririka kwa unyonge wake wa kawaida, na kila tone lililozidi lilikuwa likiingia katika lile tundu la ubavuni, likishuka kwa mpira, likapita chini ya kizibo, likaenda zake. Unyonge ule wa mfereji, uliolaaniwa kwa miaka, safari hii ulikuwa rehema. Tundu dogo lisingeyaweza maji ya nguvu. Kwa maji ya Kibokoni lilitosha.

Bi Mkubwa hakufunga mfereji mara moja. Alimwita mkaza mwana, naye akaja na kanga kichwani, akidhani mna msiba. Wakasimama wote wawili wakitazama.

"Njoo uone picha yako," Bi Mkubwa akasema. "Mimi ningaliliziba."

Kisha wakaanza kujaza mitungi, kasiki na ndoo, na hapana aliyerudi kulala. Maji mengi yalikuwa yamepotea usiku ule, na hilo halikufichika. Mwenye kulipia mtungi wa mkokoteni huujua uzito wa kila lita iliyokwenda bure. Lakini dari ilisalia. Siku hiyo tundu likapata jina, na wa nyumba ile hulitumia hadi leo: tundu la nusura.

Je, basi, vifaa hivi vya ziada vina faida au ni urembo wa wenye nafasi? Kisa cha Kibokoni chaonesha kuwa swali lenyewe limekaa upande. Kifaa hakina faida kikiwa peke yake. Kila kifaa ni jibu la tabu fulani, na ajuaye tabu hiyo ndiye awezaye kukipima. Mfereji wa kunyunyiza ni jibu zuri kwa swali ambalo Mji wa Kale haujaliuliza. Kung'uto, kichanja na chujio ni majibu ambayo Mji wa Kale ulikuwa nayo tayari. Tundu la ubavuni ni jibu ambalo swali lake lilichelewa kufika, na si busara ya Bi Mkubwa wala ujuzi wa fundi uliolilinda hadi lilipofika, bali ni ukaidi wa mke aliyekataa kuona zawadi ya mumewe ikitobolewa na kuzibwa kama ndala. Wapo wanaopokea kila kigeni kwa kuwa ni kigeni, na wapo wanaokikataa kwa sababu iyo hiyo. Makundi haya mawili yana kosa moja: hayaulizi.

Huenda funzo hilo likawafaa hata wale wanaounda istilahi. Neno la kifaa likitafsiriwa kutoka kijitabuni, bila ya kuijua tabu inayoondolewa na kifaa chenyewe, neno hilo hubaki kamusini kama pampu ya sabuni sandukuni. Bi Mkubwa alitaja kwa kutazama kazi, na pale ambapo hakuiona kazi alisubiri, ingawa kwa kununa.

Mfereji wa shingo ndefu na pampu ya sabuni havikukaa sandukuni daima. Kabla ya muhula kwisha, vilinunuliwa na mwenye nyumba za wageni upande wa Nyali, mwenye kisima chake na mashine ya kusukuma maji, ambako vilikuwa na swali la kujibu. Fedha zilizopatikana hazikumaliza deni la shule, lakini zilitosha kumrudisha binti darasani huku salio likitafutwa. Mwana alipopiga simu kutoka Dubai kuuliza kama zawadi yake ilifika salama na kama inatumika, mkewe alimpa mama simu.

"Karo lako twalitumia, mwanangu," Bi Mkubwa alimjibu. "Tena limelipa karo."